Kidonda Kizuri, Kidole Kilicholala

Halima ndiye aliyeniomba niandike. Aliniambia, "Sista Rispa, ukienda na hayo yote kichwani, sisi tutaanza upya." Nikamjibu kwamba nimestaafu, sijafa, na kutoka kliniki hadi kwangu Umoja si safari ya pasipoti, akikwama aje aniulize. Lakini namjua. Atakuja, tutakunywa chai, tutasema habari za watu, na swali lililomleta atalikumbuka akiwa tayari steji ya matatu. Kwa hiyo nimekaa mezani kwangu, nimevaa miwani, naandika.

Habari za vyeo sitazigusa. Nilipopandishwa nilipanda, niliposahauliwa nilinyamaza siku mbili kisha nikaendelea na kazi. Nitaandika juu ya chumba namba nne tu, chumba cha kufungia vidonda, katika kliniki yetu iliyo kando ya mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Humo ndimo nimekaa miaka thelathini na miwili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kuangalia mikono. Ukiwa jirani na viwanda, mikono ndiyo inayoletwa kwanza.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe vilivyopakwa chokaa mpaka vikawa vinaacha alama sakafuni. Chumba kilikuwa na mwenyewe, Mzee Wafula. Hakuwa na vyeti vingi. Alianza kazi zamani kama mfunga vidonda, na miwani yake ilishikwa na uzi ule ule tuliokuwa tukishonea watu. Alinitazama viatu, akasema, "Msichana, keti pale." Nikadhani ananikaribisha. Kumbe alitaka nisiguse kitu.

Niliketi siku tatu. Siku ya nne aliniachia mama mmoja wa kiwanda cha biskuti, aliyekatwa ncha za vidole viwili na kushonwa. Shashi ilikuwa imekauka na kushikana na kidonda. Mimi, ili nionekane najua kazi, niliikamata kwa koleo nikaivuta. Yule mama hakulia. Alifunga macho tu, na miguu yake ikanyanyuka kutoka sakafuni. Mzee Wafula alikuja akanitoa koleo mkononi taratibu, bila kunigombeza mbele ya mgonjwa.

"Shashi haing'olewi," alisema. "Inaombwa."

Akaimwagia maji ya chumvi ya vuguvugu, akaifunika, akaanza kumuuliza mama habari za mvua kwao. Wakasema juu ya mahindi, wakasema juu ya mwalimu mmoja waliyemfahamu wote wawili. Baada ya robo saa hivi shashi ilitoka yenyewe. Nje foleni ilikuwa inanung'unika. Nilimwambia Mzee watu wamekasirika, akasema anayenung'unika ana nguvu, nimtazame yule aliyenyamaza. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nimetoka nje na kutazama foleni kabla ya kufungua mlango.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na dramu ya bati ya kuhifadhia shashi tulizozikunja wenyewe mchana kukiwa hakuna watu, makasi yenye ncha moja butu ili isimchome mtu chini ya bendeji, na kibweta cha nyuzi za kawaida za dukani. Nyuzi hizo zilikuwa za pete. Mkono ukiumia huvimba wote, hata kidole kisicho na jeraha, na pete iliyokuwa ikizunguka vizuri asubuhi inakuwa kitanzi jioni. Mjane mmoja alitukatalia kabisa tusiikate pete yake. Mzee Wafula alipitisha uzi chini ya pete, akauzungusha kidoleni kwa kubana mpaka juu ya kifundo, akapaka sabuni, kisha akaanza kuufungua uzi kutoka upande wa chini, na pete ikapanda nao hatua kwa hatua mpaka ikatoka. Mjane akaitia mdomoni isipotee. Maelekezo yote ya kuutunza mkono aliyapokea kwa kuitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakuweza kufungua mdomo.

Jambo ambalo Mzee alilirudia kuliko mengine yote ni hili: mkono uliopasuliwa ukae juu ya moyo. Ukining'inia, unajaa na kuvimba, mshono unavutika, maumivu yanazidi, na mtu anafikiri dawa haifanyi kazi. Ukilala, weka mto chini yake. Huna mto, kunja leso au blanketi. Akimwona mgonjwa anatoka chumbani huku mkono unabembea, alimfuata mpaka getini na kuuinua mwenyewe.

Alipostaafu alirudi kwao Webuye, nami nikabaki na chumba. Nikaanza kuwa Sista Rispa yule mnayemjua, mkali. Sikuwa nimepanga kuwa mkali. Ni vibarua walionifanya. Unamfunga mtu vizuri leo, kesho asubuhi anaifungua bendeji yote na kuitia mfukoni kabla hajafika kwenye geti la kiwanda, maana anayechagua watu wa kazi akiona bendeji anampita. Jioni anaifunga tena kwa mkono mmoja na meno, kisha anakuja kwangu na kuniapia kwamba haijafunguliwa. Naona alama za meno kwenye kitambaa. Wengine walivaa karatasi ya nailoni ya mkate juu ya bendeji ili wafue au wabebe maji, na ndani yake ngozi ikalainika na kuwa nyeupe mpaka mshono ukaanza kuachia. Niligombeza wote. Nilikuwa na orodha yangu, niliisema haraka kama mtu anayesoma majina darasani: usilowe, usibebe, usifue, usipike, usishike kitu kwa nguvu, mkono uwe juu, ukiona wekundu unaotambaa, usaha, harufu, homa, au vidole vikifa ganzi, njoo siku hiyo hiyo. Sawa?

"Sawa, sista," walijibu wote.

Sasa nafika kwa Shadrack, na hapa ndipo ningependa Halima asome polepole, ingawa alikuwepo.

Shadrack ni kinyozi. Kibanda chake kiko chini ya ghorofa moja huko Tassia, na watu huvuka mitaa miwili kumfuata kwa sababu ana mkono mwepesi. Siku moja kioo cha ukutani kilichomoka, naye akafanya lile ambalo kila mtu angefanya: akanyoosha mkono kukidaka. Kioo kilimchana kiganja cha kulia. Damu ilikoma, lakini kidole cha kati na cha pete vilikataa kujikunja. Kano zilikuwa zimekatika, zile kamba za ndani zinazovuta vidole. Hospitali kubwa ilimpasua, ikaziunga, ikamfunga gango gumu upande wa mgongo wa mkono ili vidole vikae vimeinama, kisha ikamleta kwetu kusafishwa kidonda, kwa kuwa ndiko karibu na kwake.

Alipoingia mara ya kwanza aliniuliza swali moja tu. "Sista, nitashika mashine ya kunyoa tena?"

Nikamwambia hilo litategemea yeye. Kano iliyoungwa ni dhaifu wiki nyingi. Ngozi hupona mapema na kukudanganya, lakini ile kamba ndani bado imeshikiliwa na uzi wa daktari tu. Nikamwonyesha anavyotakiwa kuvisaidia vidole kujikunja kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, gango likiwa mahali pake. Kisha nikamsomea orodha.

"Sawa, sista. Hiyo iko fiti."

Na kweli alikuwa mgonjwa wa kujivunia. Mkono juu, bendeji safi, hakuna alama ya meno. Ijumaa moja nilimtoa nyuzi, mshono ukawa umefunga vizuri. Nilimwambia aje Jumatatu niangalie kabla hajarudi hospitali kubwa.

Jumatatu hiyo Halima alikuwa na miezi miwili tu kwetu. Kazi yake ilikuwa kunishikia bendeji na kutazama, nami sikuwa nimemwambia mengi zaidi ya "keti pale". Nilifungua gango, nikaweka mkono wa Shadrack juu ya taulo, nikavaa miwani. Kidonda kilikuwa kikavu, mstari umenyooka, hakuna wekundu, hakuna harufu. Miaka yangu yote sijaona mshono wa kiganja uliotulia namna ile.

"Kidonda kizuri sana," nikamwambia. "Hujabeba kitu?"

"Sijabeba."

"Hujalowesha? Hujafua?"

"Sista, mambo ya kufua uliza bibi yangu. Amechoka na mimi."

"Sawa?"

"Sawa, sista."

Nikachukua bendeji nianze kufunga. Halima akabaki ameshika ncha ya pili, haiachii.

"Sista," akasema kwa sauti ndogo, "mbona hiki kimelala?"

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilidhani anataka kujionyesha, kama mimi na koleo langu siku ile. Lakini nikatazama. Mkono wa mtu ukiupumzisha, kiganja juu, vidole hujiinamia vyenyewe, kila kimoja kikijikunja kidogo zaidi ya jirani yake, hadi kile kidogo kabisa. Vya Shadrack vilikuwa hivyo, isipokuwa cha pete. Hicho kilikuwa kimelala chali, kimenyooka juu ya taulo, katikati ya wenzake waliojikunja. Kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote nikisifia mshono.

"Kikunje," nikamwambia.

Shadrack alikitazama kidole chake kama mtu anayemwita mbwa wake na mbwa asije. Hakikutikisika.

"Ulishika nini?"

"Hakuna kitu nimeshika, sista. Haki."

Nikaweka bendeji chini, nikangoja. Mzee Wafula alinifundisha kungoja, ila nilikuwa nimeacha kwa muda mrefu. Baada ya dakika Shadrack akasema, akiangalia ukuta, "Jana tu mjomba alikuja kunipa pole. Ametoka Kakamega usiku kucha. Ni yeye alinilea, sista, babangu alikufa nikiwa mdogo. Amesimama mlangoni, amenyoosha mkono. Sasa nimpe kushoto?"

"Ukafanya nini?"

"Nikafungua bendeji, nikatoa hii plasta ngumu dakika moja tu. Nikamsalimia. Si unajua wazee, akikushika hakuachi. Alianza kunipea salamu za nyumbani, mtu mmoja mmoja, huku ananitikisa. Kuna kitu kilifanya 'tak' hapo ndani. Lakini haikuuma sana, nikarudisha plasta. Nilidhani ni kawaida."

Nilimsikiliza, na hasira niliyokuwa nimemwandalia ikakosa pa kukaa. Mimi ni mzaliwa wa Vihiga, jirani na Kakamega. Nimekuwa mgonjwa, nimeletewa pole, mkate na soda na sukari mpaka kabati likajaa. Najua hakuna mgeni anayevuka mlango bila mkono wake kushikwa, na najua mkono wa kushoto kwa mzee ni tusi. Nimewakataza watu ndoo, sufuria, beseni, nyundo na mwiko. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia hata mmoja asisalimiane. Sikuwa hata nimewauliza wanaposema "sawa" wanamaanisha nini. Walikuwa wananiheshimu, basi, kama Shadrack alivyomheshimu mjomba wake.

Niliandika barua palepale, nikapiga simu hospitali kubwa, nikamwambia Halima aende naye na asimwache kwenye benchi lolote mpaka daktari wa mikono amwone. Halima akatoka naye, kisha akarudi kuchukua sweta yake, akanikuta nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alichukua sweta, akanifungia mlango. Nilishukuru.

Jumanne walimpasua mara ya pili. Daktari alimwambia Halima kwamba ingepita muda zaidi, kamba ingejivuta na kugandamana, na hapo kuiunga ingekuwa shida kubwa. Hata hivyo hakuahidi kitu. Kano iliyoungwa mara mbili huacha makovu mengi ndani, na makovu hushika kidole.

Shadrack aliporudi kwangu na bendeji mpya aliuliza lile swali lake tena. Safari hii nilimjibu, "Sijui." Ni jibu gumu kulitoa kwa kinyozi, lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa kusifia kidonda.

Kisha tukabaki na tatizo la wageni. Mjomba alikuwa bado Tassia, na watu wa kanisani walikuwa wamepanga kuja Jumapili, wengi zaidi kwa sababu sasa ugonjwa ulikuwa umezidi. Nilipendekeza tuandike kwenye gango kwa kalamu nene: USINISALIMIE. Shadrack akasema watu watasalimia kwanza, wasome baadaye. Nikapendekeza ajifungie chumbani. Akasema mjomba angebisha mpaka afunguliwe.

Halima, aliyekuwa akikunja shashi pembeni, ndiye aliyesema. "Sisi kwetu, akija mwanamume ambaye si ndugu yangu, simpi mkono. Naweka mkono kifuani, nainamisha kichwa kidogo. Sijawahi kusikia mtu amesema nimemdharau."

"Nyinyi ni Waislamu," Shadrack akasema. "Wanawajua. Mimi watasema nimeanza kiburi."

"Basi waambiwe kabla," nikasema. "Nipe simu ya mjomba."

Tulimpigia, sauti ikiwa wazi sote tusikie. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza kamba ile ni kitu gani, na kwamba kijana wake sasa atasalimia kwa kuweka mkono kifuani. Mzee akauliza ilikatika siku gani, nikamwambia Jumapili.

"Kwa hivyo ni mimi nilimvunja," akasema.

"Hapana, Mzee. Ni mimi sikumwambia."

Shadrack aliinamisha kichwa akawa anajifuta uso kwa bega, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye gango na mwingine nilikuwa nimeushika mimi. Nami sikuwa nikiona vizuri, ikabidi nivue miwani. Jumapili, mke wake alinisimulia baadaye, mjomba alikataa kiti cha ndani. Aliweka stuli mlangoni, akaketi hapo mchana kutwa, na kila mgeni aliyefika alipokewa mkono na yeye. "Nisalimie mimi," aliwaambia. "Huyo ndani anasalimiwa kwa macho."

Na kuna jambo lililonichekesha peke yangu nilipomfunga Shadrack kitambaa cha kubebea mkono shingoni na kumwambia aonyeshe ile salamu ya Halima. Mkono ulikaa kifuani, vidole vikielekea begani, juu ya moyo kabisa, pale pale ambapo Mzee Wafula alikuwa akiwafuata watu hadi getini ili auweke.

Tangu hapo nilibadilisha kazi yangu, kwa kuchelewa, lakini nilibadilisha. Kwanza tazama mkono, kisha kidonda. Uweke umepumzika, uangalie vidole vyote vikae vinavyotakiwa, mwambie akunje kile alichoruhusiwa kukunja, gusa ncha uone kama anahisi, ndipo uvae miwani kwa ajili ya mshono. Usimuulize mtu "sawa?" Mwambie akuonyeshe: utalalaje, utaoga vipi, nani atakufulia. Na muulize nani anakuja kumpa pole. Kibarua naye, badala ya kumgombeza, muulize asubuhi getini anafanya nini na bendeji yake. Wengi wataeleza wakiona huna fimbo. Wengine tuliwafunga bendeji nyembamba zaidi, wengine tukawaandikia barua ya kiwandani, wengine hatukuweza kuwasaidia. Sitaki msome hapa mdhani nilishinda kila siku.

Gango la Shadrack lilipotolewa, kidole cha pete kilikuja nusu ya njia na kusimama. Alipelekwa kwenye mazoezi hospitali kubwa, akaacha kuja kwetu, kwa sababu kidonda kilikuwa kimeisha na sisi ni watu wa vidonda. Nilisikia kibanda chake kinaendeshwa na mtu mwingine. Sikwenda kuangalia. Nilipita Tassia mara mbili nikashika njia nyingine, na hilo nalo naliandika kwa sababu nimesema nitasema ukweli.

Miezi kadhaa baadaye ikafika siku yangu ya kuondoka. Waliweka viti uani, chai, maandazi, na hotuba zilizonifanya nijiulize ni nani huyo mtu mpole wanayemsifu. Baadaye watu wakapanga mstari kuniaga. Nilishikwa mikono mpaka vifundo vikaniuma. Vina baridi yabisi siku hizi, lakini nani ameniuliza. Shadrack alikuwa mwisho, amevaa aproni yake ya kinyozi. Alipofika mbele yangu aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Nikajua kidole kimekataa. Nikaweka mkono wangu kifuani nami, nikainama, nikaanza kutafuta neno la kumwambia.

"Hiyo ilikuwa ya Halima," akasema. "Sasa yako."

Akanyoosha mkono wa kulia. Nikaupokea, na sikuweza kujizuia, nikahesabu. Kidole cha shahada kikanibana, cha kati kikanibana, cha mwisho kikanibana. Nikangoja. Cha pete kilichelewa kidogo, kisha nacho kikafika. Alinibana sana, akanitikisa, akaanza kunipa salamu za mjomba, za mke wake, za watu wa kanisani, mmoja mmoja, huku hajaniachia. Iliniuma mpaka kwenye kiwiko. Sikumwambia aache.